Watoto Wasiopiga Kelele

Asubuhi katika chumba kile ilianza kwa kunong'ona. Mlango ulifunguka, baba akaingia na sare yake ya ulinzi, tochi mkononi, macho mekundu. Alikunywa chai. Alivua viatu, akapanda kitandani, akavuta shuka mpaka kichwani. Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa.

"Shh," mama alisema. "Baba amelala."

Mama huyu ni fundi cherehani. Kwao, katika mji mdogo, watu wote wanamwita Fundi, nasi tumwite hivyo hivyo. Ana watoto wawili. Wa kwanza ni mvulana wa miaka sita. Anabishia kila kitu, ndiyo maana akaitwa Wakili. Wa pili ni msichana wa miaka mitatu. Alizaliwa mdogo mno, wakamwita Tone, na jina likaganda.

Shule zilikuwa zimefungwa. Fundi alikuwa amewaleta watoto katika mji mkubwa kumtembelea baba yao. Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji. Alipanga chumba kimoja chenye kitanda, jiko dogo, ndoo mbili na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Usiku alilinda ghala. Mchana alilala. Na watoto walikaa juu ya mkeka, wakipanga vifungo vya nguo alivyowapa mama yao ili wasipige kelele.

"Mama," Wakili alinong'ona, "na kucheka bila sauti ni kelele?"

"Ukicheka, kitanda kinatikisika."

"Mimi siko kitandani."

"Wakili, nyamaza."

Fundi hakuja mjini kutalii. Alikuwa na haja moja tu. Baba alipoondoka kwenda kutafuta kazi, Tone alikuwa bado ananyonya. Tangu hapo, kwa Tone, baba alikuwa kitu kinachokaa ndani ya simu. Kila jioni alibusu kioo cha simu na kusema, "Lala salama, baba." Lakini siku walipofika stendi, mwanamume mrefu alimnyanyua ghafla, na Tone akapiga ukelele kama aliyeguswa na moto.

"Huyu si baba! Baba yuko kwenye simu!"

Baba alicheka. "Ameona nimezeeka," alisema. Lakini mikono yake haikujua iende wapi, mwishowe akaitia mfukoni. Fundi aliona. Alijiambia kwamba watarudi nyumbani mtoto akiwa amemjua baba yake. Wakirudi bila hilo, safari yote itakuwa kazi bure.

Siku zikaanza kupita, na Tone hakumsogelea baba. Angemsogeleaje? Asubuhi baba alikuwa shuka lenye mkoromo. Jioni aliamka, akaoga, akala haraka, akaondoka.

Fundi naye alikuwa mpweke sana. Kwao, cherehani yake inakaa barazani, na kila apitaye ana neno la kumpa. Hapa alisikia redio ya watu, kicheko cha watu na ugomvi wa watu kupitia ukutani, lakini hakumjua hata mmoja. Siku ya kwanza mumewe alimwonya, "Mama Wakili, hapa mjini usimzoee mtu. Kila mtu na lake." Fundi alitii. Alifua, akapika, akafunga mlango. Mumewe alikuwa amelala hapo hapo, karibu kiasi cha kumgusa, lakini Fundi alimkumbuka zaidi kuliko alipokuwa mbali.

"Basi tutoke hata kidogo," alimwambia jioni moja. "Watoto wanaona ukuta tu."

"Tutoke twende wapi? Kila unapokanyaga hapa ni pesa," baba alijibu. "Ngojeni siku yangu ya mapumziko. Tusitumie chochote mpaka siku hiyo. Nitawaonyesha mji wote kwa mara moja."

Wakangoja. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, ingawa wakati ule waliliona kuwa ni busara.

Siku ya mapumziko ilipofika, baba alirudi kutoka kazini alfajiri, akasema atalala kidogo tu. Hicho kidogo kikawa kirefu. Tone alivalishwa viatu vipya tangu asubuhi, akakaa kwenye mkeka akingoja. Walipotoka, jua lilikuwa utosini na Tone alikuwa ameshachoka kabla ya safari kuanza.

Kwanza walikwenda kuona jengo refu kuliko yote. Walilitazama kutoka chini mpaka shingo zikauma, kwa sababu kupanda juu kulitaka tiketi. Wakatembea mpaka makumbusho. Foleni ilikuwa ndefu. Walipoingia, Tone alilia njaa, wakatoka. Chakula kilichouzwa getini kilikuwa kidogo, na bei yake ilimfanya Fundi aseme hajisikii kula. Kisha wakapanda basi kwenda bustani ya wanyama. Ndani ya basi watoto wote wawili wakalala fofofo.

Waliposhuka, Fundi alimbeba Wakili. Baba akamchukua Tone. Tone akafumbua macho, akaona uso ule, akapiga makelele.

"Sitaki! Niache! Mama! Mama!"

Alimpiga baba kifuani. Alijinyonganyonga kama samaki. Watu wakasimama. Mwanamke mmoja mwenye mwavuli akamsogelea Fundi, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, huyu bwana unamjua?"

"Ni mume wangu," Fundi alisema. "Ni baba wa mtoto."

"Samahani sana. Niliposikia mtoto analia vile..."

"Si neno, dada. Asante kwa kuuliza."

Mwanamke akaenda zake. Hakufanya kosa, lakini baba alikuwa amesikia. Fundi akamshusha Wakili, baba akamkabidhi Tone, akaketi kwenye benchi kando ya barabara, akainamisha kichwa. Fundi alidhani analia. Kumbe usingizi ulikuwa umemchukua, akiwa amekaa hivyo hivyo. Walipomwamsha na kufika getini, walikuta uuzaji wa tiketi umefungwa. Wanyama hawakuwaona. Wakili alisema atafungua kesi.

Jioni ile baba alisema neno ambalo Fundi aliliogopa tangu mwanzo. "Mama Wakili, labda mrudi mapema. Mtoto anateseka. Mji huu si wa watoto."

Fundi alikusanya vikombe. Alitoka navyo nje, akaviosha mara mbili ili watoto wasimwone akilia.

Asubuhi iliyofuata, baba akiwa amelala, hodi ilibishwa. Fundi alifungua mlango kidogo, kidole mdomoni. Nje alisimama mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mkongojo na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo," Fundi alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni wa mlango wa pili. Wananiita Bibi Stesheni. Niliwakatia watu tiketi za treni mpaka goti likagoma. Samahani kwa kuingilia yasiyonihusu, lakini nimekuja kuuliza, watoto wana nini?"

"Hawana kitu, bibi."

"Naona viatu vidogo hapa mlangoni kila nikipita. Lakini mtoto sijamsikia hata mmoja. Watoto wasiopiga kelele ama wanaumwa, ama wameibwa. Nimekuja kujua ni lipi kati ya hayo mawili."

Fundi akacheka. Kicheko kilimtoka bila kutaka, na nyuma yake yakatoka machozi. Akafunga mlango taratibu, wakakaa wote kwenye ngazi ya nje.

"Bibi," Wakili alinong'ona, "hapa nje tunaruhusiwa kuongea?"

"Hapa nje piga hata tarumbeta, mjukuu wangu."

Fundi alimweleza yote. Alimweleza habari ya shuka, vifungo, siku kubwa iliyoharibika na yule mwanamke mwenye mwavuli. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. Hakuwa ameongea kwa nguvu kiasi kile tangu afike. Bibi Stesheni alisikiliza huku akisugua goti.

"Mumeo anakupenda," alisema. "Lakini mipango yake ni ya mtu asiye na watoto. Mtoto mdogo hawezi kubeba mji mzima kwa siku moja. Akishaona kimoja, ameshiba. Vya pili na vya tatu vinamletea kilio tu."

"Sasa tufanyeje, bibi? Pesa hatuna."

"Chagueni mahali pamoja kwa siku. Tokeni asubuhi, kabla ya jua kali. Rudini mtoto akiwa bado anacheka, asije akachokea njiani. Chakula kipike hapa hapa. Mayai ya kuchemsha, mkate, ndizi, na maji mengi. Getini kila kitu ni ghali kwa sababu wanajua mna njaa. Beba na kitambaa chenye unyevu cha kufutia mikono, na kofia."

"Na viingilio?"

"Uliza. Watu wengi wanaogopa kuuliza, wanalipa tu. Nenda peke yako kwanza, au mtu awapigie simu kukuulizia. Sehemu nyingine watoto wadogo hawalipi. Nyingine zina siku ya bei nafuu. Na kwenye basi, uliza nauli kabla hujapanda, uliza kama anayepakatwa analipa. Mimi nilikaa kwenye dirisha la tiketi miaka mingi, na anayeuliza sikumwona mjinga hata siku moja."

"Mume wangu alisema nisimzoee mtu."

"Amesema nusu ya kweli. Mtoto wako usimwachie usiyemjua. Lakini kumsalimia jirani ni jambo jingine. Mimi wanangu wamekua, wananipigia simu wakikumbuka. Nasikia mlango wako ukifungwa, najiambia, na huyu naye amejifungia kama mimi."

Ndani, baba alikoroma.

"Ghala lake liko wapi?" Bibi Stesheni akauliza.

"Nyuma ya bustani ya manispaa."

"Bustani ile haina kiingilio. Ina bembea na bomba la maji. Na yeye anatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi mfuateni kazini. Mtoto atamjuaje mtu aliyelala? Muda wa saa moja tu pale bustanini, halafu mwacheni aje alale. Ninyi endeleeni kukaa nje mpaka kabla ya adhuhuri. Hiki chumba kikiwa kitupu, atalala kweli. Sasa hivi halali, anasikiliza mnavyojizuia kukohoa."

Kabla ya kuondoka aliwafundisha jambo moja zaidi. Aliwasimamisha watoto mbele yake. "Mkipotea mnafanyaje?"

"Tunamtafuta mama," Wakili akasema.

"Hapana. Mkimtafuta, na yeye anawatafuta, mtapishana mpaka jioni. Unasimama pale pale ulipo. Unaita jina la mama yako kwa nguvu. Hufuatani na mtu, hata akikupa peremende. Ukiona mwenye sare, au mama mwenye watoto, mwambie umepotea, apige namba ya simu."

"Tone hajui namba," Wakili akabisha.

"Ndiyo maana mama yako ni fundi."

Siku ile Fundi alitoa mabaki ya kitambaa cha njano aliyokuja nayo. Alishona kofia mbili kwa mkono, za rangi ile ile, ili awaone hata penye watu wengi. Ndani ya kila kofia alishona kipande chenye namba yake ya simu na ya baba. Jina la mtoto hakuliandika, kwa sababu Bibi Stesheni alimwambia kwamba mtoto akiitwa kwa jina humwamini anayemwita.

Kesho yake walikwenda. Nauli aliiuliza kabla, na Tone alipakatwa bure. Kulikuwa na baridi kidogo. Walisimama kwenye geti la ghala, kofia mbili za njano na chupa ya chai. Baba alipotokea na kuwaona, alikuja mbio.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Fundi alisema. "Tumekuletea chai."

Alisimama akihema. Hakuna mtu aliyewahi kumngoja pale getini. Aliwatazama tena, mmoja mmoja, kama asiyeamini.

Waliingia bustanini. Baba alikiri kwamba hakuwahi kuingia, ingawa alipita pale kila siku.

"Miaka yote hiyo?" Fundi akauliza.

"Ningekaa kwenye benchi nikiongea na nani?" baba akajibu. Alisema kwa sauti ya kawaida, akipuliza chai. Fundi alitazama pembeni. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mumewe naye huku alikuwa akiishi peke yake.

Baada ya chai baba hakujua la kufanya na watoto. Maneno ya kuwaambia hakuwa nayo. Akafanya anachokijua. Akawasha tochi, ingawa kulishakucha, akaanza kuzunguka kama anavyozunguka ghalani.

"Benchi hili lipo?" akauliza kwa sauti ya kazi.

"Lipo!" Wakili akaitika.

"Bomba lipo?"

"Lipo!"

"Bembea zipo?"

"Zipo, lakini moja ni mbovu!"

Tone alitazama akiwa amejificha nyuma ya sketi ya mama. Siku ya kwanza hakusogea. Siku ya pili alitoka nyuma ya sketi. Siku iliyofuata mvua ilinyesha, hawakwenda, na Fundi alikaa chumbani akihofia kwamba yote yataanza upya. Waliporudi bustanini, baba alianza doria yake. Akapita benchi moja lililokuwa chini ya ukuta.

"Lile hujaliuliza," Tone akasema.

Baba akasimama. Hakugeuka haraka. "Lipi, afande?"

"Lile."

"Ah! Nimesahau. Nadhani nahitaji msaidizi."

Tone alimfuata mpaka benchini. Aliligonga kwa kiganja. "Lipo," alisema kwa ukali. Kisha, kwa kuwa benchi lililofuata lilikuwa mbali na nyasi zilikuwa na maji, alishika kidole kimoja cha baba. Baba alitembea polepole sana. Fundi alijifanya anamenya yai, na alilimenya mpaka likabaki kiini.

Siku zao zikapata mtindo. Bustani asubuhi, kisha baba akaenda kulala. Bibi Stesheni akawapeleka maktaba ya umma, akichechemea mbele yao. Chumba cha watoto kilikuwa bure, chenye zulia na vitabu vya picha. Mkutubi alisema wapige kelele kidogo tu, na Wakili akataka kujua kidogo ni kiasi gani. Makumbusho walirudi siku ambayo watoto hawalipi. Waliona chumba kimoja, chenye mifupa ya nyangumi, wakatoka Tone akiwa bado anacheka. Mchana walilala wote. Jioni waliamka pamoja na baba, wakala pamoja, na chumba kikawa na kelele za kutosha hata jirani wa upande wa pili akagonga ukuta.

"Sasa wamepona," Bibi Stesheni akasema.

Wanyama hawakuwaona. Wakili anasema kesi hiyo bado ipo.

Hata hivyo, likizo iliisha. Siku ya safari baba aliwasindikiza stendi akiwa na sare, kwa sababu angepitiliza kazini. Aliwaambia ameshaomba likizo, na shule zikifungwa tena yeye ndiye atakayekwenda nyumbani. Fundi aliitikia kwa kichwa. Alijua mumewe atakaporudi chumbani kwake kesho asubuhi atakikuta kimya, na mara hii ukimya huo hautakuwa wa mtu kulala. Alitamani kumwambia hivyo. Akamwambia tu, "Bibi Stesheni umsalimie. Na umsalimie kweli, usipite tu."

"Nitampitia kila asubuhi," baba akasema.

Akapanda nao kwenye basi, akaweka begi juu, akamkalisha Fundi dirishani, Tone katikati, Wakili mwisho. Alimvalisha Tone kofia vizuri. Kondakta akaita wasindikizaji washuke. Baba akashuka.

Tone hakulia. Alidhani baba ameenda kununua maji. Injini ikanguruma, mlango ukafungwa. Tone akasimama juu ya kiti. Akatazama viti vya nyuma, vimejaa. Akatazama vya mbele, vimejaa. Akamgeukia mama yake na kumsukuma kwa mikono yote miwili.

"Mama, sogea."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Baba hana pa kukaa."

Wakili alifungua mdomo abishe. Akaufunga.

Fundi alitazama nje. Mumewe alikuwa akitembea kando ya basi, kiganja kikiwa juu ya kioo, na basi lilikuwa linaanza kumwacha. Fundi akasogea. Alisogea mpaka bega lake likabanwa na dirisha, na nafasi ile ikabaki wazi njia nzima.